[IMETATULIWA] Linux inakuwa nzito kila baada ya muda mfupi, CPU haijajaa. Nini kinaikaba?

#1 Msoma_Kurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nina kompyuta ya mezani yenye Linux na GNOME, koa nne za CPU, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya TB 1. Imenitumikia vizuri muda mrefu, ila kwa wiki tatu sasa imenishinda. Nafanya kazi vizuri, ghafla kivinjari kinaganda, nikibofya folda haifunguki, nikiandika herufi zinakuja kwa mkupuo baada ya sekunde kumi. Kipanya chenyewe kinatembea bila shida. Madirisha ndiyo hayajibu. Baada ya muda inatulia, nafurahi, halafu inarudi.

Nimefungua `top` ikiwa katika hali hiyo. Mchakato wa juu kabisa hautumii hata asilimia 5 ya CPU, ndiyo maana nimechanganyikiwa. Nilimshuku `tracker-miner-f`, nikampiga `kill -9` mara tatu. Anarudi kila mara. Nimejaribu pia `pkill tracker-miner-fs-3`, hiyo haikufanya chochote.

Matokeo ya `top` haya hapa, nimeacha mistari muhimu tu:

```
top - 09:04:37 up 1:12, 1 user, load average: 7.82, 6.10, 3.96
%Cpu(s): 6.1 us, 4.3 sy, 3.9 ni, 11.2 id, 74.1 wa, 0.0 hi, 0.4 si, 0.0 st
MiB Mem :  7842.6 total, 2911.0 free, 2390.4 used, 2541.2 buff/cache
MiB Swap:  2048.0 total, 2048.0 free, 0.0 used.

 PID USER  PR  NI S  %CPU %MEM COMMAND
2417 mimi  39  19 D   3.6  1.9 tracker-miner-f
 412 root  20   0 D   1.3  0.0 jbd2/sda2-8
```

Kompyuta hii ndiyo kazi yangu. Nasahihisha maandishi ya kurasa zilizopigwa skani, ukurasa mmoja faili moja, na kila ikiganda napoteza mwendo. Nisaidieni.

#2 Kamba_Ngumu

Mkuu, huyo tracker zima kabisa, usihangaike. `systemctl --user mask tracker-miner-fs-3.service`, washa kompyuta upya, umemaliza. Mimi kila nikiweka mfumo mpya ndilo jambo la kwanza nafanya.

#3 Zamu_ya_Usiku

Naunga mkono #2. Au nunua SSD.

#4 Bi_Terminali

Ndugu Msoma, usizime kitu kwanza. Umeleta ushahidi mzuri, tuusome mpaka mwisho kabla ya kumhukumu yeyote.

Anza na `74.1 wa`. Herufi hizo ni za muda ambao CPU imekaa bure huku kuna kazi inayosubiri diski. CPU yako haina shida, iko mkono shavuni. Ukiangalia safu ya %CPU pekee utasema hakuna tatizo, na wengi hukwamia hapo hapo, maana tumezoea kwamba kompyuta nzito ni CPU iliyojaa.

Sasa load average. Una koa nne, namba inasema 7.82, lakini CPU karibu yote iko bure. Inawezekanaje? Kwenye Linux, tangu 1993, load haihesabu tu michakato inayotaka CPU. Inahesabu pia ile iliyo katika hali ya D, yaani usingizi usiokatizwa, ambao mara nyingi ni kusubiri diski ijibu. Kwa hiyo 7.82 yako ni foleni mlangoni pa diski. Zisome pia namba zote tatu kwa pamoja: dakika 1 ni 7.82, dakika 5 ni 6.10, dakika 15 ni 3.96. Inapanda. Maana yake kitu hiki kimeanza dakika chache tu kabla hujapiga picha yako. Shika hilo, tutalirudia.

Hiyo D ndiyo inayoeleza pia kwa nini `kill -9` haikukupa raha. Mchakato ulio kwenye D hausikii ishara mpaka diski imjibu. Ishara inakaa pembeni ikingoja. Na hata akifa, huyu ni huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) upande wa mtumiaji, programu nyingine ikimhitaji anaamshwa tena. Utaua siku nzima.

Kuhusu `pkill`: kerneli, yaani kiini cha Linux, inahifadhi jina la mchakato kwa herufi 15 tu. Hesabu `tracker-miner-f`, ni 15 kamili. Jina lenyewe ni refu zaidi, na `pkill` bila `-f` inalinganisha na hizo 15, kwa hiyo ukimpa jina zima hapati kitu.

Sasa jambo linalonisumbua kwenye picha yako. Tracker ana NI 19, yaani amejiweka mwisho wa mstari kwa hiari yake. Kazi yake ni kusoma mafaili na kuyaingiza kwenye faharasa ili ukitafuta neno ulipate upesi. Akishamaliza mara ya kwanza hulala, na huamka tu faili likibadilika. Wiki tatu bila kulala si tabia yake. Swali langu ni hili: nani anamwamsha?

Naomba vitu viwili. Kwanza, ikiganda tena, endesha hii:

```
cat /proc/pressure/io /proc/pressure/memory /proc/pressure/cpu
```

Pili, chukua karatasi uandike saa kila ikianza kuganda. Saa na dakika. Usikadirie.

#5 Mwanagenzi

Samahani kuingilia, dada. Hizo `/proc/pressure` ndiyo naziona leo. Ni za nini?

#6 Bi_Terminali

Hujaingilia. Zipo tangu kerneli 4.20 ya mwishoni mwa 2018, na kwangu mimi ndicho kitu cha kwanza kukitazama kompyuta ikiwa nzito, hata kabla ya `top`. Zinajibu swali ambalo `top` hailijibu moja kwa moja: muda gani kazi imesimama kwa kukosa kitu fulani. Kuna mstari wa `some`, ambao ni asilimia ya muda ambapo angalau mchakato mmoja ulikuwa umekwama ukisubiri. Na kuna `full`, muda ambapo wote waliokuwa na kazi walikwama kwa pamoja. Halafu `avg10`, `avg60` na `avg300` ni sekunde 10, 60 na 300 zilizopita.

Uzuri wake ni kwamba mafaili makuu ni matatu, CPU, kumbukumbu na diski, kwa hiyo linalopanda linakuonyesha uelekee wapi. Ukiona faili hayapo, huenda waliojenga kerneli yako wameizima huduma hiyo, na wakati mwingine inatosha kuongeza `psi=1` kwenye vigezo vya kuwashia.

#7 Zamu_ya_Usiku

Mimi yangu ikiganda, `top` inaonyesha `kswapd0` juu kabisa. Ni tatizo hili hili?

#8 Bi_Terminali

Hapana, ni ndugu yake tu. `kswapd0` ni kerneli yenyewe ikihangaika kutafuta nafasi kwenye RAM. Ukimwona juu, angalia `/proc/pressure/memory`, utakuta `full` iko juu. Yako ni RAM imeisha: punguza tabo za kivinjari, weka zram (swap iliyobanwa ndani ya RAM) kama huna, na hakikisha una `systemd-oomd` au `earlyoom` ili kompyuta ichague wa kumtoa kabla haijaganda yote. Kwa Ndugu Msoma swap imetumika 0.0 na RAM iko wazi karibu GB 3, kwa hiyo kwake hilo halipo. Dalili za nje zinafanana kabisa, nakubali, ndiyo maana sipendi kutoa dawa kabla ya kupima.

#9 Msoma_Kurasa

Nimerudi. Pressure ikiwa imeganda:

```
io:     some avg10=81.22 avg60=76.90 avg300=58.41
        full avg10=63.05 avg60=59.77 avg300=41.20
memory: some avg10=0.00  avg60=0.00  avg300=0.00
cpu:    some avg10=1.10  avg60=1.34  avg300=0.98
```

Na saa nilizoandika tangu asubuhi: saa tatu kamili, saa tatu na dakika ishirini, saa tatu na dakika arobaini, saa nne kamili. Nilipoona ya nne nilikaa nikaitazama ile karatasi muda mrefu. Inatulia kama dakika tano hivi kabla ya mzunguko mwingine.

#10 Bi_Terminali

Hapo sasa. Hitilafu haivai saa mkononi. Kitu kinachokuja kila dakika ishirini bila kukosea ni ratiba, na ratiba kuna mtu ameiandika.

Picha yako ya kwanza ilipigwa 09:04. Kilichoanza saa tatu kamili kilikuwa kimeshamaliza kazi na kuondoka, ukamkuta tracker eneo la tukio akiwa na damu mikononi. Sasa tumvizie kabla. Dakika moja kabla ya mzunguko ujao, fungua hii uiache wazi kwa dakika tano:

```
sudo iotop -oPa
```

`-o` inaonyesha wanaogusa diski tu, `-P` inaunganisha nyuzi za mchakato mmoja, na `-a` inajumlisha tangu ulipofungua. Hiyo `-a` usiisahau. Bila yake unaona kasi ya sekunde ile tu, na aliyepita mbio hutamwona.

Kisha angalia ratiba zote:

```
systemctl list-timers --all
systemctl --user list-timers --all
crontab -l
sudo crontab -l
```

#11 Kamba_Ngumu

Dada, kwa heshima, bado naona ni kuzungusha jambo. Angemzima tracker tangu jana angekuwa anafanya kazi sasa hivi. Faharasa ya utafutaji haimsaidii mtu.

#12 Bi_Terminali

Ndugu yangu, kama hutumii utafutaji, kuzima ni haki yako na amri uliyotoa ni sahihi. Lakini yeye anafanya kazi ya maandishi. Kutafuta neno ndani ya maelfu ya kurasa ni sehemu ya kazi yake, na tracker anampa hilo bure. Tena, ukimzima anayelalamika, aliyemchokoza anabaki. Kuna kitu kinaandika diskini kila dakika ishirini na mwenye kompyuta hakijui. Mimi nisingelala.

Na kwa yeyote atakayefikiria kukifuta kabisa kifurushi cha tracker badala ya kumzima tu: soma orodha ya vinavyoondoka kabla ya kusema ndiyo. Kidhibiti cha mafaili cha GNOME kinamtegemea, unaweza kujikuta umekifuta nacho.

#13 Msoma_Kurasa

Wakuu, nimempata. Mikono inatetemeka kidogo ninapoandika.

iotop baada ya dakika tano, nimefupisha safu:

```
 PID  USER  DISK READ  DISK WRITE  COMMAND
2417  mimi   41.80 M    688.40 M   tracker-miner-fs-3
6120  mimi    3.10 M    152.60 M   cp -r /home/mimi/kazi/kurasa /home/mimi/Documents/nakala/
```

Na `crontab -l`:

```
*/20 * * * * cp -r $HOME/kazi/kurasa $HOME/Documents/nakala/
```

Ni mimi niliyeandika huo mstari. Wiki tatu zilizopita faili moja la kazi liliharibika, nikapoteza masahihisho ya siku nzima. Siku ile ile niliamua kila kitu kinakiliwe kila baada ya dakika ishirini. Nikaandika, nikajaribu, ikafanya kazi, nikaendelea na maisha. Folda ina mafaili 38,000, mengi ya KB 4 hivi. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili, kwa sababu kukopi MB 150 nilidhani ni jambo la sekunde mbili.

Bado sielewi vitu viwili. Kwa nini tracker aandike MB 688 wakati data yote ni 152? Na kwa nini ayasome upya wakati maandishi hayajabadilika?

#14 Bi_Terminali

Hongera kwa kuivizia. Na usijilaumu kwa kutaka nakala rudufu, nia ilikuwa njema kabisa. Kilichokosewa ni chombo tu.

Nianze na swali la pili, kwa sababu ndilo kiini. `cp -r` bila `-p` wala `-a` haitunzi tarehe ya faili. Kila faili inaloliandika linapata saa ya sasa. Tena haiangalii kama kuna tofauti: inalifungua faili la zamani, inalipunguza hadi sifuri, inaliandika upya lote. Umebadilisha ukurasa mmoja, inaandika 38,000. Ukiwa hujabadilisha chochote, inaandika 38,000. Tracker anatazama folda yako ya Documents. Anaona mafaili 38,000 yenye tarehe mpya. Yeye hajui kwamba maneno ni yale yale, tarehe ndiyo inayomwambia kuna mabadiliko, kwa hiyo anayafungua yote na kuyasoma tena. Akikaribia kumaliza, cron, yaani mwendesha ratiba ya crontab yako, inagonga tena.

Jaribu kwa macho yako. Chagua faili moja ambalo hujaligusa wiki nzima:

```
stat -c '%y %n' ~/kazi/kurasa/0412.txt ~/Documents/nakala/kurasa/0412.txt
```

La kwanza litakuwa na tarehe ya zamani, la pili litakuwa na dakika chache tu.

Swali la kwanza, MB 688. Tracker hakopi mafaili, anajenga hifadhidata ya SQLite. Kila ukurasa unaoingia unamlazimu kufuta maneno ya zamani ya ukurasa huo, kuweka mapya, na kurekebisha faharasa ya maneno yote. SQLite nayo inaandika kwanza kwenye daftari lake la pembeni, halafu kwenye hifadhidata yenyewe. Ndiyo maana anaandika mara nne na nusu ya alichoandika `cp`. Ukitaka kumwona, `ls -l /proc/2417/fd` itakuonyesha ameshika mafaili yaliyo ndani ya `~/.cache/tracker3/files/`.

Ukubwa wa data nao unadanganya watu wengi. MB 152 kwenye faili moja, diski yako ingezimeza kwa sekunde mbili kweli. Lakini mafaili 38,000 ni mabadiliko 38,000 ya taarifa za faili, na diski ya kuzunguka ina kichwa kimoja kinachorukaruka. Kuna na jambo la ext4, mfumo wa mafaili wa diski yako, wengi hawalijui: ikiona faili limepunguzwa hadi sifuri kisha likaandikwa upya, inasukuma data yake diskini mara linapofungwa, badala ya kukusanya kwanza. Imewekwa hivyo kukukinga usibaki na faili tupu umeme ukikatika katikati. Ni ulinzi mzuri, na kwa faili moja huwezi kuuhisi. Kwa 38,000 unauhisi.

Na yule `jbd2/sda2-8` uliyemwona kwenye D ni daftari la ext4. Kivinjari chako kikitaka kuhifadhi hata kitu kidogo na kuhakikisha kimefika, kinasubiri daftari hilo, nalo limebanwa na wale wawili. Kwa hiyo kivinjari kinaganda ingawa hakihusiki. Kipanya kinatembea kwa sababu kukisogeza hakuhitaji diski.

#15 Mwanagenzi

Dada umenifungua macho. Kwangu ni KDE, hakuna tracker. Nitazame nini?

#16 Bi_Terminali

Kwako anaitwa Baloo, mchakato ni `baloo_file`. Kwenye Plasma 6 tumia `balooctl6 status`, kwenye Plasma 5 ni `balooctl status`. `suspend` badala ya `status` inamsimamisha kwa muda, nzuri kwa kupima. Na mlio na GNOME 47 kuendelea, tracker amebadilishwa jina, sasa ni LocalSearch, msimtafute kwa jina la zamani mkadhani hayupo.

#17 Kamba_Ngumu

Nimesoma #14 mara mbili. Nakubali, dada. Ningemzima tracker, `cp` ingeendelea kuandika 38,000 kila dakika ishirini na asingejua. Sasa afanyeje? Ile cron aifute?

#18 Bi_Terminali

Asiifute. Aiandike vizuri.

Ndugu Msoma, kuna jambo zito kuliko kuganda, nalisema wazi. Nakala yako iko kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vyote viwili vimekufa. Zaidi ya hapo, wewe ulipoteza kazi kwa faili kuharibika, si kwa diski kufa. Kwa mpangilio wako wa sasa faili likiharibika saa nne na dakika tano, saa nne na dakika ishirini `cp` inachukua lile bovu inalilaza juu ya lile zima. Nakala inaharibika na wewe hujajua. Kwa hiyo wiki tatu zote hizi umekuwa ukilipa gharama ya ulinzi ambao hukuwa nao.

Weka diski ya nje, iunganishe kwenye `/mnt/nakala` uhakikishe wewe ndiye mwenye ruhusa ya kuandika humo, kisha tengeneza skripti hii `~/bin/nakala.sh`:

```
#!/bin/sh
mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1
ionice -c3 nice -n 19 rsync -a \
  --backup --backup-dir=/mnt/nakala/zamani/$(date +%F-%H%M) \
  "$HOME/kazi/kurasa/" /mnt/nakala/kurasa/
```

Ipe ruhusa kwa `chmod +x`, na kwenye crontab weka:

```
0 * * * * $HOME/bin/nakala.sh
```

Nieleze kwa nini kila kitu kiko hapo, maana sitaki uikopi kwa imani.

`rsync -a` inatunza tarehe, na inalinganisha ukubwa na tarehe kabla ya kugusa. Ukibadilisha kurasa sita, zinaandikwa sita. Mkwaju (/) wa mwisho kwenye `kurasa/` usiuondoe, unamaanisha yaliyomo ndani ya folda. Bila huo utapata kurasa ndani ya kurasa. `--backup-dir` ndiyo dawa ya lile faili lako bovu: kila faili linalotaka kulaliwa na jipya, la zamani linahamishiwa kwenye folda yenye tarehe na saa. Sijaweka `--delete`, na ni makusudi. Siku ukifuta folda ya kazi kwa bahati mbaya, sitaki nakala ifuate.

`mountpoint -q` ni mlinzi. Diski ya nje ikiwa haijachomekwa, `/mnt/nakala` ni folda tupu ya kawaida, na bila mstari huo rsync ingeweza kujaza diski yako kuu huku ukijiona salama.

Nimekwambia uweke kwenye skripti, si moja kwa moja kwenye crontab, kwa sababu ndani ya crontab alama ya `%` inageuzwa kuwa mstari mpya. Ile `date +%F` ingekatwa katikati na usingeelewa kwa nini.

`ionice -c3` inasema mhudumie huyu diski ikiwa bure tu. Lakini inategemea kipanga foleni cha diski husika, ambayo hapa ni diski zote mbili. Soma `cat /sys/block/sda/queue/scheduler`. Ikiwa mabano yako kwenye `bfq`, inaheshimiwa. Ikiwa ni `none`, usitegemee kitu.

Mwisho, ondoa `~/Documents/nakala` ukishahakikisha nakala ya nje imekamilika. Kama kuna folda yoyote utakayotaka tracker aipite, weka ndani yake faili tupu:

```
touch ~/Documents/jina_la_folda/.trackerignore
```

Kwa kawaida akiliona hilo anaiacha folda nzima. Hakuna haja ya kumzima.

#19 Zamu_ya_Usiku

Nimeangalia ya kwangu kama ulivyosema #8. Memory `full avg10` ilikuwa 47. Nimeweka zram na kupunguza tabo, imeshuka hadi 2. Asante sana dada. Na kwenye suala la SSD niliropoka mapema.

#20 Bi_Terminali

SSD ingeficha tatizo, kweli, na kwa matumizi ya kawaida ni mabadiliko makubwa kuliko kitu kingine unachoweza kuongeza kwenye kompyuta ya zamani. Ila hesabu: kwa picha ya #13 ni zaidi ya MB 840 kila mzunguko, mizunguko mitatu kwa saa. Ni GB 2.5 za kuandika kila saa, kwa data ambayo haikubadilika. SSD ina kikomo cha kuandikwa. Angeila polepole bila kujua.

#21 Mwanagenzi

Swali la mwisho dada. Ikiwa anayekula ni `kworker`, na si diski wala RAM?

#22 Bi_Terminali

`kworker` ni kerneli ikifanya kazi kwa niaba ya kitu kingine, kwa hiyo jina peke yake halikuambii lolote. Kwenye laptopu, kabla ya yote angalia kama kuna kifaa kinachopiga kelele za ACPI (njia ya kerneli kusimamia umeme na vifaa):

```
grep . /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe* | grep -v ' 0 '
```

Ukiona moja ina namba kubwa mno na inapanda kila unaporudia, umempata. Fungua uzi wake, tutaujadili huko kwa nafasi.

#23 Msoma_Kurasa

Wakuu, naleta mrejesho. Nimesubiri siku nne kabla ya kuandika ili nisiseme imepona kumbe bado.

Kwanza ile `stat` ya #14. Faili la asili tarehe yake ilikuwa ya miezi miwili nyuma. La nakala, dakika saba. Nilirudia kwa mafaili matano, yote vile vile. Ndipo iliponiingia.

Kipanga foleni cha diski ya ndani kilikuwa `mq-deadline`, na kile cha diski ya nje vile vile. Nimehamisha zote kwenda `bfq`. rsync ya kwanza ilichukua muda mrefu kwa sababu ilikopi zote. Za saa zilizofuata zinachukua sekunde 9 hivi, nyingi zikiwa za kukagua tarehe. Siku ya pili nilisahau kuchomeka diski ya nje na skripti ikatoka kimya kama ulivyosema, folda ikabaki tupu. Nimeongeza mstari wa `notify-send` unikumbushe. Kutoka kwenye cron haukuonekana mpaka nilipoweka `DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus`, nauandika hapa kwa atakayekutana nalo.

Pressure ya diski nikiwa kazini sasa:

```
some avg10=0.84 avg60=0.61 avg300=0.70
full avg10=0.52 avg60=0.38 avg300=0.44
```

Tracker yupo, sijamgusa. Nimemwongezea folda ya `kazi/kurasa` kwenye maeneo ya kutafuta, alifanya kazi kama robo saa kisha akalala, na `tracker3 status` inasema hakuna kilichobaki. Sasa nikiandika neno kwenye utafutaji napata kurasa zote lilimo. Sikujua kama hilo lilikuwepo.

Dada Bi_Terminali, uliniambia hukutaka nikopi kwa imani, kwa hiyo jana jioni nilijaribu na kurejesha. Nilifungua ukurasa 2114, nikafuta nusu ya maandishi, nikahifadhi, nikaacha saa ipite skripti iendeshwe. Kwenye `/mnt/nakala/zamani/` nikakuta folda ya saa ile, ndani yake faili moja tu, 2114.txt. Nilikuwa nimeliweka zima `/tmp` kabla sijaanza. Nikayalinganisha kwa `cmp`, ambayo hunyamaza mafaili yakifanana, na `cmp` haikusema kitu.